Uzi maalumu: Fire Pro Wrestling World, taimingi ya mshikano, pumzi na mpangilio wa mbinu

Kamba_Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaojifunza Fire Pro Wrestling World, gemu ya mieleka, iwe kwenye PS4 au kwenye kompyuta kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni. Malalamiko ya wanaoanza yanafanana: "nabonyeza kabla yake na bado ananitupa", "kila mbinu kubwa inageuzwa". Majibu yapo, na hayahitaji vidole vyenye kasi. Yanahitaji subira.

Kwa asiyeijua: ni kazi ya Spike Chunsoft ya Japan, ilitoka rasmi Steam Desemba 2017 na PS4 Agosti 2018. Mfululizo wenyewe ulianza 1989 kwenye PC Engine, wakati huo ukiwa chini ya kampuni ya Human. Ndiyo maana wachezaji ni wa picha bapa, ulingo umechorwa mshazari, na kwenye skrini hakuna mstari wa uhai wala wa nguvu. Hilo la mwisho linawachanganya sana waliokulia kwenye SmackDown! Here Comes the Pain ya PS2. Kule mwili unachorwa pembeni na unaona kiungo gani kimeumia. Huku unamsoma mtu mwenyewe: anavyosimama, anavyochelewa kuinuka, anavyoinama kutafuta hewa.

Vitufe kwanza. Kwenye PS4, Mraba ni mbinu ndogo, Eksi ni ya kati, Duara ni kubwa, Pembetatu ni kukimbia. Kwenye pedi ya Xbox nafasi ni zilezile ila herufi zinapotosha: X ndogo, A ya kati, B kubwa, Y kukimbia. Vitufe vya mabegani vina kazi za kumfunika mpinzani (kumlalia mabega yake yakiwa chini ili refa ahesabu hadi 3), kupumua, madoido na kadhalika. Fungua ukurasa wa vitufe ndani ya gemu uvikariri kabla ya pambano la kwanza, hasa cha kupumua. Wengi wanacheza wiki nzima bila kujua kama kipo, kisha wanasema gemu inaonea.

Sasa kiini. Hakuna kitufe cha kumshika mtu. Ukimsogelea mpinzani aliyesimama mkiwa mmeelekeana, mnashikana wenyewe. Miili inaingia, mabega yanakutana, magoti yanakunjika. Kila upande unapata nafasi ya kubonyeza, na anayebonyeza karibu zaidi na wakati sahihi ndiye anayefanya mbinu. Mwenye papara hapati kitu. Anayebonyeza mfululizo pia hapati kitu, kwa sababu bonyezo lake la kwanza linatua kabla miili haijakaa.

Utaratibu ni huu: tembea kuelekea kwake, vidole vikiwa juu ya vitufe bila kubonyeza. Amua mapema ni mbinu gani. Kama inahitaji mwelekeo, ushikilie mara tu mnapogusana. Subiri miili iingie. Mikono ikifungana na viuno vikiinama, bonyeza mara 1, basi. Usirudie hata kama unahisi umechelewa. Mshikano mwingine unakuja baada ya sekunde chache, na kupoteza mmoja wa mbinu ndogo mwanzoni mwa pambano ni hasara ndogo kuliko kujenga tabia mbaya ya kidole.

Pili ni ngazi. Mbinu ndogo, kisha za kati, kisha kubwa. Mpinzani mzima anaigeuza mbinu kubwa karibu kila mara, na wewe ndiye unayeishia chini. Hii imewekwa makusudi, maana gemu inafuata mwendo wa mieleka ya Japan: pambano linapanda taratibu na mapigo mazito yanakuja mtu akiwa ameshachoka.

Tatu ni pumzi. Kila unachofanya kinakula pumzi, mbinu kubwa na kukimbia zaidi. Ikiisha, mchezaji wako anasimama ameinama na hukuamuru afanye hivyo. Hapo ni zawadi kwa mwenzako.

Ulizeni, tuendelee.

---

pedi_mbili

Shukrani mkuu. Swali langu ni moja: huo wakati sahihi unautambua kwa jicho au kwa sikio? Kwa jicho naona kama kila mara nimechelewa.

---

Kamba_Tatu

Vyote viwili, ila anza na sikio. Wanaposhikana kuna kishindo cha miguu kwenye sakafu ya ulingo. Kidole kitue pamoja na kishindo hicho. Punguza muziki kwenye mipangilio, uache sauti za ulingo juu. Baada ya mapambano kadhaa jicho litajifunza lenyewe umbo la mwili wa wakati ule.

Kama unaona umechelewa kila mara kwa kiasi kilekile, usijilaumu kabla hujakagua runinga.

---

fundi_skrini

Hapo kwenye runinga niongeze, kwa sababu gemu ya taimingi inaharibiwa na vitu vilivyo nje ya gemu.

Runinga nyingi bapa zinachakata picha kabla ya kuionyesha: zinalainisha mwendo, zinaongeza ukali, zinapunguza chembechembe. Kila hatua inakula muda. Unachoona kimeshatokea kitambo ndani ya mashine. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali ya gemu (Game Mode), iwashe. Nyingine zinaihifadhi kwa kila tundu la HDMI peke yake, kwa hiyo ukihamisha waya kwenda tundu jingine hali inapotea na unashangaa kwa nini leo hushiki kitu.

Sauti nayo. Ukiunganisha spika ya Bluetooth, kishindo anachokisema Kamba_Tatu kinakufikia kikiwa kimechelewa waziwazi. Tumia spika za runinga yenyewe au earphone ya waya kwenye pedi.

Pedi ya PS4 isiyo na waya haina shida kubwa ikiwa na chaji na uko karibu. Shida ni zile pedi za bei nafuu ambazo vitufe vyake vina mpira mgumu: unabonyeza, mguso unatokea mwisho wa safari ya kitufe. Jipime hivi: bonyeza kitufe taratibu sana kwenye menyu uone kinapokea kikiwa kimeshuka kiasi gani. Kama ni hadi mwisho kabisa, itabidi ubonyeze kwa nguvu na mapema kidogo, au ubadilishe ule mpira wa ndani.

Kwa wa kompyuta: washa na uzime ule ulinganifu wa picha wa wima (V-Sync), uone tofauti. Ukizima, picha inaweza kukatika katikati lakini mwitikio unakuwa wa haraka zaidi.

---

mwana_kona

Mimi napingana kidogo na ushauri ambao umezoeleka wa "anza leveli ya chini kabisa". Mashine, yaani mpinzani anayechezeshwa na gemu yenyewe, ikiwa leveli ya chini inakusamehe. Unabonyeza ovyo na bado unashinda mishikano mingi, kisha ukipanda leveli unagundua hujajifunza chochote. Bora leveli ya kati tangu siku ya kwanza, upigwe, lakini kila mshikano unaoshinda uwe umeushinda kweli.

---

DadaMshiko

Hoja ya mwana_kona ni ya kweli kwa mshikano, lakini anayeanza ana vitu vingi vya kujifunza kwa pamoja, na leveli ya kati inamnyima nafasi ya kuviona. Akitupwa dakika nzima hatajua kitufe cha kupumua kinafanya nini.

Ninachopendekeza ni kugawa. Leveli ya chini itumie kwa vitu visivyo taimingi: kutembea, kumfunika, kumwinua aliyelala, kupanda kona, kutoka na kuingia ulingoni, kupumua. Modi ya misheni nayo ina mazoezi ya msingi, usiyaruke. Ukishavijua vitufe bila kuangalia pedi, nenda leveli ya kati kwa zoezi moja tu: chagua wachezaji wawili wanaolingana, ondoa kikomo cha muda, na cheza kwa Mraba pekee. Mbinu ndogo mwanzo hadi mwisho. Usitafute kushinda pambano, hesabu mishikano. Ukishinda 6 au 7 katika kila 10, ongeza Eksi. Ukirudi chini ya 5, rudi kwenye Mraba.

Kwa nini Mraba pekee? Kwa sababu mbinu ndogo haigeuzwi kirahisi. Ukipoteza, unajua umepoteza kwa taimingi. Ukitumia kubwa huwezi kujua kama ulichelewa kubonyeza au ulibonyeza vizuri na mpinzani akaigeuza kwa kuwa hajachoka. Makosa hayo mawili yanaishia pamoja, wewe uko chini, lakini tiba zake ni tofauti kabisa.

---

mwana_kona

Hilo la kutenganisha makosa mawili nalikubali, dada. Zoezi la Mraba pekee ni zuri.

---

bahari_kuu

Wakubwa, shikamooni. Niko Mombasa, ninacheza PS4. Mishikano naanza kuipata lakini ngumi na mateke yangu yanapita hewani. Mpinzani yuko mbele yangu kabisa, napiga, haimgusi. Hii ni hitilafu?

---

Kamba_Tatu

Marahaba ndugu. Si hitilafu, ni mshazari wa ulingo. "Mbele yangu" kwenye skrini si lazima iwe mbele yako ulingoni. Kuna kina: mtu anaweza kuwa upande wako wa kulia lakini hatua moja nyuma, karibu na kamba za juu ya skrini. Pigo linasafiri kwenye mstari wako, naye hayupo kwenye mstari huo.

Usiangalie vichwa, angalia miguu na vivuli. Vivuli viwili vikiwa kwenye mstari mmoja wa kushoto na kulia, piga. Kama kivuli chake kiko juu au chini ya chako, sogea wima kwanza hadi vilingane, ndipo umfuate. Njia ya kuaminika ni kumwendea kwa umbo la L: panda au shuka, kisha nyoosha. Anayekwenda moja kwa moja kwa kona ya mshazari anafika akiwa nje ya mstari kidogo, na hapo ndipo ngumi inapita hewani na yeye anakushika ukiwa bado unarudisha mkono.

Na zingatia urefu wa pigo. Ngumi fupi ya Mraba inataka uwe karibu kiasi cha kukaribia kushikana. Teke la kuruka la Duara linataka umbali, ukiwa umemkaribia sana unampita. Pigo kubwa likikosa, unalala chini au unachukua muda kujirudi, kwa hiyo mapigo makubwa weka kwa mtu ambaye ameduwaa amesimama, hajijui. Huyo hakimbii.

---

bahari_kuu

Shukran sana. Vivuli sikuviangalia kabisa. Na je, mbinu kubwa niruhusiwe lini? Nikihesabu dakika 5 bado zinageuzwa.

---

Kamba_Tatu

Dakika hazina kazi. Kinachohesabiwa ni amechoka kiasi gani. Unaweza kukaa dakika 5 mkikimbizana akawa mzima kama alivyoanza.

Dalili ni hizi. Mwanzoni, ukimtupa kwa mbinu ndogo anainuka hapohapo. Mbinu za kati zipe ruhusa pale anapoanza kukaa chini sekunde chache kabla ya kuinuka, au ukimwinua anakubali bila kujitoa. Kubwa ni pale anapoinuka akiwa ameduwaa, anayumba, au ukimfunika anajinasua kwenye hesabu ya 2 badala ya 1. Hesabu ya refa ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote. Mfunike kila baada ya mbinu nzito mbili tatu hata kama unajua hatashindwa. Akijitoa kabla refa hajapiga hata 1, bado ni mzima. Akijitoa kwenye 2 na nusu, zimebaki mbinu chache.



Na ukijaribu kubwa ya kwanza ikageuzwa, usirudie palepale kwa hasira. Rudi za kati, mbili au tatu zaidi, kisha jaribu tena.

---

pedi_mbili

Kuhusu pumzi: kila nikibonyeza kupumua, jamaa ananijia na kunitupa. Ni muda gani salama?

---

DadaMshiko

Salama ni wakati yuko chini NA yuko mbali. Masharti yote mawili. Akiwa chini lakini miguuni pako, anainuka na kukushika ukiwa bado unavuta hewa. Na kadiri pumzi ilivyoisha ndivyo unavyochukua muda mrefu kuirudisha, kwa hiyo anayesubiri hadi aishiwe kabisa anajilipisha mara mbili. Pumua kidogokidogo, mapema.

Hapa ndipo uchaguzi wa mbinu unapoingia, na watu hawaulizii. Mbinu mbili zenye nguvu sawa zinaweza kumwacha mpinzani sehemu tofauti. Ile ya kumtupa juu ya bega inampeleka mbali, anabingirika. Unapata nafasi ya kupumua. Ile ya kumbeba na kumbwaga mgongo inamwacha karibu nawe, uso juu. Unapata nafasi ya kumfunika au kumshika mguu. Ile ya kumchomeka kichwa chini wakati mwingine inamwacha kifudifudi, na huwezi kumfunika mpaka umgeuze. Ukipanga mchezaji wako, kila ngazi iwe na angalau mbinu 1 ya kumpeleka mbali. Iweke kwenye mwelekeo mmoja kwa ngazi zote, tuseme chini, ili kidole kisifikirie: "nimechoka, shika chini".

Upumuaji unategemea pia mchezaji uliyemchagua. Kwenye sifa zake kuna kasi ya kurudisha pumzi, ya polepole, wastani au haraka, na kuna uimara wa shingo, mikono, kiuno na miguu. Anayejifunza achague mwenye pumzi ya wastani kwenda juu. Majitu makubwa yanavutia kwa macho lakini mengi yana pumzi fupi.

---

mwana_kona

Na viungo hivyo vinne si pambo. Ukirudia kumpiga shingo, mbinu za shingo zinauma zaidi na kabari ya shingo inakaribia kummaliza. Wanaoanza wanatawanya: mguu mara 1, mkono mara 1, kiuno mara 1. Chagua kiungo kimoja kinacholingana na mbinu yako ya kumaliza, na mbinu zako ndogo na za kati nyingi zielekee huko. Kama unamaliza kwa kukunja mguu, basi mateke ya chini na kuangusha goti tangu dakika ya kwanza.

Kabari na mikunjo ifanyie katikati ya ulingo. Ukimkunja karibu na kamba, anaifikia, refa anaamuru uachie, na pumzi yako imeliwa bure.

---

Juma_wa_Eksi

Naomba kuuliza kuhusu maandishi CRITICAL. Pambano lilikuwa langu, ghafla mbinu moja, likatokea neno hilo na pambano likaisha. Hii ni haki kweli?

---

Kamba_Tatu

Ni sehemu ya gemu. Kila pambano lina uwezekano wa pigo moja kumaliza papo hapo, kama vile bondia anavyoweza kuangushwa raundi ya pili. Uwezekano unatofautiana kwa mchezaji na kwa mbinu: yupo ambaye hatari yake iko kwenye mbinu ya kumaliza, yupo kwenye mikunjo, yupo kwenye ngumi. Kabla ya pambano soma sifa za mpinzani, ujue ni kitu gani usikubali akufanyie.

Kwa mazoezi, nashauri uzime CRITICAL kwenye kanuni za pambano. Unataka mapambano marefu yenye mishikano mingi. Ukishaiva, iwashe, kwa sababu hofu yake inabadilisha namna unavyocheza mwishoni: unaacha kumwendea ovyo mtu mwenye ngumi nzito.

---

bahari_kuu

Mchezaji wa kutengeneza mwenyewe, nimpange vipi vitufe vyake? Orodha ya mbinu ni ndefu mno, naishia kuchagua zinazopendeza macho.

---

DadaMshiko

Anza na hesabu. Mshikano wa mbele una nguvu 3 kwa nafasi 4: bila mwelekeo, juu, pembeni, chini. Hizo ni 12. Usizijaze zote na vitu vipya. Kwa mchezaji wa kujifunzia, ijaze hivi.

Ndogo, yaani Mraba. Bila mwelekeo weka kitu salama kama kabari ya kichwa ya kumwangusha. Juu, pigo la kumduwaza, kiwiko au goti. Pembeni, mbinu ya kile kiungo ulichochagua. Chini, kumtupa mbali.

Za kati zifuate ramani ileile: salama, kuduwaza, kiungo, mbali. Kubwa vilevile, isipokuwa bila mwelekeo uiweke ile mbinu ya kumaliza au ile unayotaka kuipata hata ukiwa umechanganyikiwa, kwa sababu katika papara mwelekeo ndio wa kwanza kukosewa. Vidole vikishakariri maana ya kila mwelekeo, unahama mchezaji mmoja hadi mwingine bila kuanza upya.

Mshikano wa nyuma watu wanausahau. Ukimzunguka mtu ukamshika kwa nyuma una seti nyingine ya mbinu, na nyingi ni nzito. Lakini naye ana mbinu za kujinasua kutoka hapo, zinapangwa kwenye nafasi yake maalumu. Ukiacha nafasi ya kujinasua na kitu dhaifu, utaumia kila ukishikwa mgongo.

Alama za makali ya kushambulia na kujilinda zinapimwa 1 hadi 10 kwa kila aina. Usijaze 10 kila mahali. Mchezaji mwenye 10 zote anashinda bila kukufundisha chochote.

---

mchora_mantiki

Niongeze upande ambao ndio utamu wenyewe wa gemu hii: kumpangia mashine akili. Kila mchezaji ana mantiki yake, yaani asilimia za nini atafanya katika kila hali, na zinabadilika kadiri mpinzani alivyoumia: kidogo, wastani, sana. Katika kila hali jumla lazima iwe 100. Wengi wanatazama tu mashine kwa mashine kwa ajili hiyo, na ni namna halali kabisa ya kuifurahia.

Kwa anayejifunza taimingi kuna faida ya moja kwa moja: unaweza kujitengenezea mpinzani wa mazoezi. Mfano wa mshikano wa mbele:

Ukiwa umeumia kidogo: ndogo nne kwa 20 kila moja, za kati nne kwa 4, kukurusha kambani 4. Jumla 100.

Wastani: ndogo nne kwa 5, za kati nne kwa 15, kubwa nne kwa 3, kambani 8.

Sana: ndogo nne kwa 2, za kati nne kwa 8, kubwa tatu kwa 12 na ya kumaliza 20, kambani 4.

Huyu anakupandisha ngazi kwa utaratibu uleule unaotakiwa kuufuata wewe. Ukicheza naye unaona mwendo wa pambano kwa macho: lini anaacha ndogo, lini anaanza kukufunika. Ukitaka mgumu zaidi, ongeza mbinu za kukuzunguka nyuma. Ukitaka wa mazoezi ya mbio, panda kambani hadi 30 na upunguze nyingine hadi jumla irudi 100.

Kosa la kawaida: kupanga mbinu ya kumaliza asilimia kubwa tangu "kidogo". Mashine itaijaribu mapema, utaigeuza, na mchezaji mzuri ataonekana mjinga. Na asiyetaka kupanga kabisa, Steam Workshop ina wachezaji wengi waliokwisha kutengenezwa na watu, wengine wenye mantiki nzuri sana. Pakua, fungua, usome asilimia zake.

---

pedi_mbili

Kwa mtandao je? Nyumbani nashinda mishikano, nikicheza mtandaoni na mtu wa mbali napoteza yote.

---

fundi_skrini

Ucheleweshaji wa mtandao unasogeza ule wakati sahihi, na unausogeza tofauti kwa kila mpinzani. Hakuna kipimo kimoja cha kukariri. Cheza mishikano ya kwanza 3 au 4 kwa mbinu ndogo ukiwa unapima tu: jaribu pamoja na kishindo, kisha mapema kidogo, kisha mapema zaidi, uone ipi inapita. Ukiipata, baki nayo. Kama inabadilika ndani ya pambano, mtandao wenu hautulii na hakuna ustadi utakaosaidia. Tafuta mpinzani wa karibu au mkae sebule moja na pedi mbili. Tumia waya kutoka kwenye ruta ikiwezekana. Simu ya kugawa intaneti inayumba, na kuyumba ni kubaya kuliko kuchelewa kwa kiasi kilekile.

Angalizo: usifanye mazoezi ya taimingi mtandaoni kisha ukashangaa kidole kimeharibika nyumbani.

---

Juma_wa_Eksi

La mwisho kutoka kwangu. Nikimrusha kambani, anarudi, nabonyeza pigo, ananipita au ananigonga yeye. Nibonyeze akiwa wapi?

---

Kamba_Tatu

Kwanza hakikisha umemrusha kwa makusudi: kwenye mshikano ni Pembetatu, pamoja na mwelekeo wa kamba unazotaka. Usipotoa mwelekeo unaweza kujikuta umemrusha kamba za karibu, anarudi kabla hujajiandaa. Mpeleke upande wa mbali.

Akishaondoka, usimfuate. Simama kwenye mstari wake uleule, kivuli kwa kivuli. Pigo la mguu mrefu linabonyezwa akiwa amebakiza kama hatua 2 kukufikia, kwa sababu mguu unachukua muda kunyooka na yeye anaendelea kuja. Mbinu ya kumdaka na kumbwaga inabonyezwa baadaye, hatua 1 au pungufu. Ukitumia wakati wa kudaka kwa teke, anakugonga. Ukitumia wakati wa teke kwa kudaka, unakumbatia hewa naye anapita hadi kamba za upande wa pili, na sasa anakujia kwa nyuma.

Kwa hiyo kwenye nafasi za kumkabili anayekimbia, weka mbinu za wakati mmoja tu kwanza, zote teke au zote za kudaka, hadi uizoee. Kisha changanya.

Na kama ameshakupita, geuka kwanza. Usibonyeze kitu ukiwa umempa mgongo.